Kipande cha Pili cha Ujumbe

Kila chuo kina mtu mmoja anayeisubiri balaa kwa niaba ya wenzake, na katika chuo hiki mtu huyo alikuwa Tahadhari. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye faili la utumishi, likilala usingizi. Wanafunzi ndio waliombatiza jina hili jipya, kwa sababu hakuweza kupita mahali bila kuona kitu kitakachoua mtu: waya uliochubuka, ndoo iliyosahauliwa kwenye ngazi, mlango wa dharura uliofungwa kwa mnyororo eti wezi wasiingie. Alikuwa ofisa wa usalama na dharura. Kwa mshahara huohuo ndiye aliyekuwa akiandika ujumbe mfupi ambao chuo kiliwatumia watu wake wote kwenye simu: leo maji yatakatika, lifti ya jengo la sayansi ni mbovu, nyuki wameingia nyuma ya maabara, msipite.

Watu waliusoma ujumbe huo huku wanatafuna kitu, wakaufuta. Mwandishi wake ndiye aliyekuwa akikaa nao nusu saa, akitoa neno na kulirudisha, akiusoma kwa sauti ndogo mlango ukiwa umefungwa. Mtu angemwona angesema huyu mzee anaposa. Kumbe alikuwa anamwandikia binti yake.

Binti alikuwa mmoja tu, na baba yake alimwita Chiriku tangu akiwa mdogo, kwa sababu alianza kusema mapema na tangu hapo hakuona sababu ya kunyamaza. Alisoma chuo hichohicho, na alivyosoma anajua mwenyewe. Kila jioni baba yake alimpigia simu msimamizi wa bweni kuuliza kama madirisha yamefungwa. Siku moja aliingia darasani katikati ya mhadhara kuukagua mtungi wa kuzimia moto alioukagua jana yake, ili tu aone Chiriku amekaa kiti gani na kama kiko karibu na mlango. Darasa zima lilicheka. Chiriku alicheka pia, lakini alicheka akiangalia chini.

Alipohitimu akapata kazi ya kupima maji katika maabara ya mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Tahadhari akaanza kuhesabu hatari: barabara ni ya kifo, mjini hana ndugu, nyumba za kupanga milango yake ni mbao za maboksi. Mama yake Chiriku, mwalimu wa chekechea aliyezoea kusikiliza vilio bila kusimamisha kazi, akaendelea kukunja nguo za binti na kuzipanga kwenye begi. Na pale Tahadhari alipoona begi limefungwa na maneno yake yote yamegonga mwamba, akasema la mwisho.

"Nenda. Lakini ukipata shida huko, usinipigie simu."

Ulimi hauna mfupa. Hata kabla hajafunga mdomo alijua amesema neno asilolitaka, ila kulirudisha mbele ya mkewe na begi lile kulimshinda. Na Chiriku, ambaye ukaidi wa baba yake aliurithi wote na kuongeza wake kidogo, akalichukua neno kama alivyopewa. Hakumpigia akiwa na shida, wala hakumpigia akiwa na raha. Mwaka ukapita, na wa pili ukapita.

Mama mtu alizungumza na binti kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, chumbani, mlango umefungwa. Jumapili hizo Tahadhari alikuwa na kazi kwenye ukumbi mdogo nje ya chumba. Alichukua bisibisi, akafungua swichi ya taa isiyokuwa na ugonjwa wowote, akaifunga, akaifungua tena. Maneno hayakupenya mlango. Kilichopenya ni kicheko, na kicheko hicho ndicho alichokula wiki nzima.

"Anasemaje?" Tahadhari alimuuliza mkewe alipotoka.

"Anasema ana mdomo," mkewe alimjibu. "Na wewe unao, Baba Chiriku."

Si kwamba Tahadhari alikuwa na kiburi tu, ingawa kiburi alikuwa nacho cha kutosha kugawia majirani. Aliogopa. Aliogopa kwamba akipiga, Chiriku atapokea na kumjibu kwa adabu: shikamoo baba, hapa salama, kazi inaendelea, asante. Mtoto aliyekuwa akimweleza hata ndoto za mchana, aje amjibu kama mkaguzi wa hesabu. Bora asisikie kabisa kuliko asikie hivyo. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na kila alivyozidi kujiambia ndivyo hamu ya sauti ile ilivyomzidi. Alitamani aitwe "Baba" mara moja, na mtu yule, hata kwa hasira. Hakuwa na haja nyingine kubwa duniani.

Kitu kimoja kilikuwa kimebaki kati yao. Mtambo wa ujumbe wa chuo ulikuwa na namba za wanafunzi wote, na waliohitimu walitakiwa wafutwe kila mwaka. Kila mwaka fundi wa mitambo, mwanamke mpole mwenye miwani, alikuja kumuuliza.

"Mzee, hawa waliomaliza niwatoe?"

"Waache. Huwezi kujua."

"Huwezi kujua nini, mzee?"

"Ndiyo hicho, huwezi kujua."

Fundi akawaacha. Kwa hiyo kila ujumbe uliotoka ulifika pia kwenye simu moja katika maabara ya maji, mji wa mbali. Tahadhari alilijua hilo kila alipoandika. Alipoandika kwamba ngazi za utawala zinateleza, alikuwa anasema angalia miguu yako, mwanangu. Mara moja alivuka mpaka. Redio ilitangaza mvua kubwa katika mji wa Chiriku, na asubuhi hiyo chuo kizima kikapokea onyo la kubeba miavuli na kuvaa viatu visivyoteleza. Jua liliwaka siku hiyo hadi lami ikalainika. Wanafunzi walimcheka wiki nzima, wengine wakapita mbele ya ofisi yake wamefungua miavuli. Yeye hakujali, kwa sababu mvua ilinyesha kweli, ila ilinyesha inakohusika.

Sasa tuje kwenye zoezi la moto.

Mwaka uliotangulia zoezi lilikuwa aibu. King'ora kilipolia, wanafunzi walidhani ni kengele ya kumaliza kipindi. Msomaji mmoja maktaba aliomba amalizie ukurasa. Profesa mwenyekiti wa kamati ya dharura mwenyewe hakutoka ofisini, akasema chai ilikuwa bado ya moto. Tahadhari aliapa kwamba safari hii watu watakimbia hata kama atawasukuma kwa mkono. Kamati ikakaa kuandaa ujumbe utakaotumwa siku ya zoezi. Yeye alikuja na wake mkononi, mfupi kama kawaida yake: Moto Maktaba Kuu. Tokeni nje, kusanyikeni uwanjani. Hili ni zoezi.

Profesa aliusoma, akavua miwani.

"Mbona kama unafukuza kuku, bwana? Hawa ni wasomi. Huwezi kumwambia msomi 'tokeni' bila salamu."

Wajumbe wakatikisa vichwa. Mmoja akatia salamu, mwingine akatia masikitiko ya uongozi, na kila aliyeongea alitaka neno lake liingie. Tahadhari hakubishana sana, maana na yeye alikuwa na lake. Mjumbe mmoja alipendekeza neno "zoezi" litangulie, lisije likatisha watu. Tahadhari ndiye aliyekataa.

"Likitangulia hakuna atakayeinua kichwa," alisema. "Tuliliweka mbele mwaka jana, mkaona. Liwe la mwisho kabisa, walisome wakiwa tayari wamesimama."

Wakakubali, tena wakamsifu. Ikabaki jambo moja. Ili zoezi liwe na uhai, lazima mtu fulani awe amekwama ndani ya moto, mtu anayejulikana, watu wapate uchungu.

"Mimi siwezi kukwama," Profesa alisema. "Siku hiyo nina kikao."

"Nitakwama mimi," alisema Tahadhari.

Jambo lililomponza alikuwa analijua kama jina lake. Mtambo ule ulikuwa haubebi ujumbe mrefu. Ukizidi, ulikatwa vipande viwili, kipande cha kwanza kikaenda kwa watu wote kwanza, cha pili kikafuata wakati mtandao utakapopenda. Ndiyo maana miaka yote aliandika maneno machache, na kila ujumbe aliupima herufi kwa herufi. Huu wa kamati hakuupima. Alikuwa amefurahi mno kusifiwa.

Siku ilipofika, saa nne asubuhi, mashine ya moshi iliwashwa nyuma ya maktaba. Mwamuzi wa zoezi, mstaafu wa zimamoto mwenye sharubu nyeupe, alimfungia Tahadhari kadi shingoni iliyosema AMEKWAMA, akanyoosha mkono.

"Simu."

"Nikikaa nayo itadhuru nini?"

"Mtu aliyezidiwa na moshi hapigi simu. Wewe ndiye uliyeniandikia kanuni hiyo."

Akaizima, akaitoa. Akashuka ghala la chini la maktaba, akaketi kwenye kiti kibovu kati ya marundo ya magazeti ya zamani, akasikiliza. Juu yake king'ora kilianza. Kisha akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia katika zoezi lolote: miguu. Miguu mingi, inakimbia. Akasikia viti vikianguka na sauti za watu wakiitana. Moyo wake ukajaa, akasema kimoyomoyo, leo wameelewa.

Walioelewa walikuwa wamesoma hivi kwenye simu zao: Uongozi wa Chuo unawasalimu wanajumuiya wote na kwa masikitiko unawatangazia kuwa moto umezuka Maktaba Kuu. Ofisa wa Usalama amekwama ndani. Tokeni nje.

Hapo ndipo kipande cha kwanza kilipoishia. Utulivu, uwanja na zoezi vilikuwa kwenye kipande cha pili, na kipande cha pili kiliwafikia wachache mchana, wengine jioni, na wengine hawajakipata mpaka leo.

Ilikuwa karibu saa saba waokoaji walipompata, wakamlaza kwenye machela kama kanuni inavyotaka, wakampandisha juani. Uwanja ulikuwa umejaa watu wamekaa kwenye nyasi, kimya, maana kamati ilikuwa imekatazwa kufichua zoezi mpaka aliyekwama apatikane. Mpishi mkuu wa bwalo alikuwa analia, amejifunika uso kwa aproni. Tahadhari akainua kichwa kutoka kwenye machela.

"Kafa nani?"

"Wewe," alisema mpishi, kisha alipoelewa ni nani anamjibu akampiga kofi la bega lililomrudisha kwenye machela.

Alikuwa bado anajaribu kuelewa anachoelezwa pale pikipiki ilipofika kando ya uwanja na mkewe akashuka kabla haijasimama sawasawa. Alikuwa na vumbi la chaki hadi kwenye nyusi. Simu yake ilikuwa ndani ya mkoba kabatini asubuhi yote, watoto walikuwa wanaimba, na alipoishika wakati wa mapumziko ndipo dunia ilipomwangukia. Alimkumbatia mumewe, akamnusa shingo na nguo kutafuta moshi. Kisha akampiga kwa mkoba, mara moja, kwa nguvu.

"Zoezi," Tahadhari alisema. "Mama Chiriku, lilikuwa zoezi. Neno limekatika."

"Nimeambiwa getini." Alikaa kwenye nyasi. "Chiriku naye ameipata hiyo meseji."

Tahadhari alipapasa mfuko wa simu, akaukuta mtupu.

"Ameacha kazi katikati, amepanda basi. Yuko njiani tangu saa tano. Alinipigia mimi sikupokea, akampigia rafiki yake wa maktaba, rafiki akamwambia tuko uwanjani wote, baba yako peke yake hatujamwona. Nilipompata alikuwa hawezi hata kulia. Nikamwambia ngoja nifike chuoni, nitakupigia."

Mwamuzi alikuja na kuirudisha simu. Tahadhari aliiwasha, ikatetemeka mkononi muda mrefu, simu zisizopokelewa zikajipanga kwenye kioo moja juu ya nyingine, na zote zilikuwa na jina moja. Miaka miwili hakuwa ameliona jina hilo likimtafuta yeye. Na hapa lazima isemwe kama ilivyokuwa: alifurahi. Mtoto wake alikuwa kwenye basi na kifo kifuani, na baba mtu kifua kilimpanuka kwa furaha, akaona aibu, na furaha isitoke.

"Nimpigie nimwambie," alisema.

Mkewe alimshika kifundo cha mkono.

"Usimwambie."

"Nini?"

"Mwache aje." Alisema taratibu, akiangalia nyasi. "Jioni atakuwa hapa. Ukimwambia sasa hivi atashuka, atarudi, na atarudi na hasira juu ya ile aliyokuwa nayo. Akifika akikuona mzima, yataisha. Mimi nimechoka kuongea na mwanangu chumbani kama mwizi, Baba Chiriku. Nataka nimwone anakula mezani kwangu. Leo tu. Mungu atatusamehe."

Hakuwahi kumsikia mkewe akimwomba kitu cha namna hiyo. Na alichokiomba ndicho hichohicho alichokitaka yeye, kimewekwa tayari, hakihitaji chochote isipokuwa kunyamaza. Yeye kunyamaza alikuwa na uzoefu nako wa miaka miwili. Akaiona jioni: geti, begi, Chiriku akishuka na macho yaliyovimba, akimwona, akikimbia. Akakubali. Hakusema, lakini aliirudisha simu mfukoni.

Profesa akapita akiwa na watu wawili, uso umemng'aa.

"Hongera, bwana. Zoezi limefana. Umewaona walivyokimbia? Nataka ripoti kabla ya jioni, na usisahau kutaja salamu."

Tahadhari aliitikia kwa kichwa. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Akaitoa. Ilikuwa Chiriku.

Mkewe aliweka kiganja chake juu ya kioo, na mikono yao miwili ikaishikilia simu ile kati yao huku inatetemeka kama kifaranga. Iliita, ikaita, ikaita. Wote wawili walikuwa wanajua mtoto anafanya nini upande wa pili: amebana simu sikioni, hatarajii kupokewa, anapiga tu kwa sababu kutopiga ni kukubali. Ikanyamaza. Wakashusha pumzi. Ikaanza tena.

"Huko aliko, kila ikikatika ananizika upya," Tahadhari alisema.

Mkewe alikaa na kiganja chake pale kidogo. Kisha akakiondoa, akageuza uso.

Tahadhari akapokea.

Kulikuwa na ngurumo ya basi na konda akiita abiria wa mbele. Mtoto aliyekuwa akipiga simu kwa mtu aliyekufa hakuwa ameandaa la kusema endapo atapokewa.

"Chiriku," alisema. "Ni mimi."

"Baba?"

Alikuwa ameisubiri sauti hiyo muda wote huo, na ilipokuja ilikuwa ndogo, imepasuka, sauti ya mtoto aliyeamka na homa. Akafumba macho.

"Mimi, mama. Nipo mzima. Sina hata mchubuko."

Alisikia kilio kikimtoka binti yake, na abiria mwingine, mwanamke, akiuliza vipi, na Chiriku akimjibu yu hai, yu hai. Angeweza kuacha hapo. Nipo mzima ilikuwa kweli, na basi lilikuwa linakuja.

"Hakukuwa na moto," alisema. "Lilikuwa zoezi. Ujumbe ulikuwa mrefu, ukakatika, na neno la zoezi lilikuwa mwisho. Nililiweka mwisho mimi mwenyewe."

Kilio kilikatika. Ngurumo ya basi ikaendelea peke yake.

"Zoezi," Chiriku alisema.

"Zoezi."

"Nimeacha sampuli za maji ya watu mezani. Nimetoka na koti la maabara, niko nalo hapa, watu wananitazama wanadhani mimi ni daktari. Nimeshikwa mkono na mama ambaye simjui tangu tunaondoka. Na wewe unaniambia zoezi."

"Ndiyo."

"Ulijua namba yangu bado imo?"

Ni swali ambalo mtu mwingine angelikwepa kwa kumtaja fundi wa mitambo.

"Nilijua," alisema. "Nilikataza isifutwe. Zile meseji zote nilikuwa nakuandikia wewe."

Alimsikia Chiriku akivuta kamasi.

"Hata ile ya mvua?"

"Hata ile."

"Niliisoma nimeshalowa," alisema, na kwa sekunde moja kitu kilichofanana na kicheko kilimtoka, kisha kikafa. "Baba, unajua nimekuwa nikifanya nini huku? Uliniambia nisikupigie nikiwa na shida. Basi nikakataa kuwa na shida. Niliumwa malaria, nikasema hii siyo shida. Niliibiwa mpaka godoro, nikasema siyo shida. Mama hajui. Nilikuwa naogopa nikikiri moja tu, nitataka kukupigia, na ulikataa. Leo ndiyo nimepata shida ya kweli, nimepiga, na aliyekuwa wa kupokea ndiye ambaye yuko ndani ya moto."

Machozi yalimtiririka Tahadhari mbele ya uwanja mzima, na watu waliomwona walidhani ni moshi.

"Tunafika stendi ya katikati ya njia," Chiriku alisema, sauti imekauka sasa. "Nitashuka. Narudi. Kesho nina kazi, na nikija sasa hivi nitasema mambo ambayo sitaki kuyasema."

"Sawa."

Ilimtoka kabla hajaizuia. Mkewe alimgeukia kwa uso ambao haukuwa na haja ya maelezo. Kwenye simu breki za basi zilipiga kelele, mlango ukafunguka, wauza maji wakaanza kupaza sauti, na kati ya sauti hizo alisikia hatua za binti yake zikishuka ngazi za basi. Kumbe hivi ndivyo mtu anavyomkosa mtoto, alifikiri, kwa kusema sawa.

"Chiriku, usikate."

"Sijakata."

"Hapo stendi kuna mahali pa kukaa? Mahali penye watu?"

"Kuna mgahawa."

"Ingia ukae. Usipande la kurudi. Nakuja."

"Unakuja wapi?"

"Hapo ulipo. Mimi na mama yako. Tunatoka sasa hivi."

"Baba, kwa barabara hii? Wewe?" Na alikuwa na haki ya kuuliza, maana gari la baba yake lilijulikana mtaa mzima, lilikwenda kama limebeba mayai, na tangu linunuliwe halikuwahi kutoka nje ya mji. "Mtafika jua limezama."

"Litazama. Ukitaka kusema hayo mambo, utayasema, mimi nitakaa nisikilize. Ukitaka kulala kwako leo, nitakupeleka mpaka mlangoni. Lakini usiniambie nikae hapa, mwanangu. Siwezi."

Mkewe alikuwa tayari ameshasimama, anakung'uta nyasi kwenye gauni, mkono umenyooshwa apewe ufunguo. Kutoka ngazi za utawala Profesa alikuwa anapunga karatasi, anaulizia ripoti yake. Tahadhari alimpa mkewe ufunguo na kumpa Profesa mgongo.

Upande wa pili kiti kiliburutwa. Sauti ya mhudumu ilimuuliza Chiriku ataagiza nini, na Chiriku akamwambia asubiri. Alirudi kwenye simu, na alipoongea hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imeketi.

"Umekula?"

"Bado."

"Na Mama?"

"Bado."

"Basi msile huko," alisema. "Njooni."